Kiti cha Mfupa

Joris Laarman, msanii wa Uholanzi, aliunda mwaka 2006 kiti alichokiita cha mfupa, nacho chastahili sifa na lawama kwa pamoja. Tabibu wa Kijerumani Julius Wolff alieleza mwaka 1892 kuwa mfupa hunenepa palipo na mzigo na hukonda pasipo na mzigo. Kanuni ya namna hiyo ilitiwa katika programu ya kompyuta, iliyokuwa ikitumiwa kusanifu sehemu za motokaa. Programu ikaondoa kila kisichobeba uzito, hata ikabaki miguu myembamba iliyotandaa kama matawi. Kisha alumini ikamiminwa katika kalibu.

Sifa ya kiti ni kuwa uzuri wake haukupakwa juu, bali umezaliwa na kazi. Lawama ni kuwa jina limeahidi kuliko kitu chenyewe. Mfupa hujenga na kubomoa maisha yote kwa kadiri ya mzigo. Kiti kilikadiriwa mara moja, kikakoma. Mzito na mwepesi wakikikalia, kwake ni mamoja. Kimeazima umbo la mfupa, hakikuazima uhai wake. Atakaye vyombo vya nyumbani vifuate viumbe hai hana budi kutafuta zaidi ya umbo.