Kazi Inayoanza Nanasi Likishaliwa

Kula nanasi hakuhitaji ufundi. Kisu kikali na sahani vinatosha, kwa kuwa utamu wake umeshatengenezwa shambani kwa mwaka mzima na zaidi. Ufundi unatakiwa baada ya hapo, kwenye rundo la maganda, moyo mgumu wa katikati na lile shungi la majani ya juu. Ukivijumlisha vyote hivyo unakaribia nusu ya uzito wa tunda. Muuza juisi wa Mpanda, mkoani Katavi, awe amevuna mananasi yake bustanini au ameyapokea kwa lori, ameligharamia na ganda pia: amelipalilia au amelilipia nauli. Kulipeleka jalalani ni kutupa fedha iliyokwisha kutoka mfukoni. Nami nawasifu kwa moyo wote wanaokataa kuitupa.

Katavi haitajwi kwa mananasi kama Kiwangwa kule Chalinze, au kama Geita. Mkoa huu uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 unajulikana zaidi kwa mahindi, mpunga, tumbaku, na asali ya misitu ya miombo. Lakini ni hiyo asali inayonifanya niseme kwamba ufundi wa masalia una wenyewe hapa, tena wa siku nyingi. Nenda Inyonga, wilayani Mlele, ukamwangalie mrina asali akishakamua masega. Mkononi anabaki na machicha mazito, meusimeusi, yamechanganyika na chavua na nyuki waliokufa. Asiyejua atayafukia. Anayejua huyaosha kwanza, na yale maji matamu hufaa kwa pombe ya wanzuki. Kisha machicha huingia kwenye mfuko wa kitambaa, mfuko ukazamishwa kwenye maji ya moto na kuminywa kwa mti mpaka nta ipande juu. Haihitaji moto mkali, maana nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 tu. Sufuria ya chuma tupu huitia weusi na kuishusha bei, kwa hiyo fundi huchagua chombo chake. Asubuhi huinua kipande cha mviringo, cha manjano, kinachonukia msitu, kinachoweza kukaa miaka bila kuoza na kuuzwa hadi nje ya nchi.

Mkono uliozoea kazi hiyo utalielewa ganda la nanasi mara moja, kwa sababu mambo ni yale yale: usafi, subira, chombo kinachofaa, na pua.

Tuanze na siki, ambayo kwangu ndiyo kazi nzuri kuliko zote zinazotoka kwenye ganda. Nanasi huoshwa likiwa zima, likasuguliwa kwa brashi kwenye vile vijicho, kabla kisu hakijaligusa. Ganda lenye ukungu halifai hata likikatwa upande. Yaliyo mazima hukatwakatwa pamoja na moyo, yakatiwa kwenye ndoo safi ya plastiki au mtungi, na maji ya kuyafunika yaliyokorogwa na sukari kidogo. Kwa Katavi, kwa nini isiwe asali. Chombo cha alumini kiwekwe mbali kabisa, maana asidi hukila. Juu hufungwa kitambaa chepesi, kwani wale inzi wadogo wa matunda hufika kabla hujamaliza kufunga.

Siku ya pili au ya tatu povu jeupe linapanda. Chachu iliyokuja na ganda lenyewe imeanza kuila sukari na kuigeuza kileo, na harufu ya juisi inageuka harufu ya pombe changa. Maganda hupenda kuelea, na yakielea huota ukungu, kwa hiyo kila siku hukorogwa na kuzamishwa. Povu likitulia, baada ya siku chache au wiki, maji huchujwa na kurudishwa kwenye chombo chenye mdomo mpana. Hapa kazi inabadilika. Chachu ilifanya kazi hata bila hewa, ila bakteria wanaogeuza kileo kuwa siki hawawezi kitu bila hewa. Anayefunga kifuniko kikabana anabaki na pombe dhaifu, kisha analaumu mananasi. Kwa wiki tatu, nne au zaidi, kutegemea joto, utando laini hujitandaza juu, na harufu inakuwa kali mpaka inachoma puani. Ule utando ni mama wa siki. Haumwagwi, ndio mbegu ya ndoo inayofuata.

Siki hiyo inafaa sana kwa kachumbari. Kwa achari ya kukaa kabatini miezi ni jambo jingine: huko hutakiwa asidi isiyopungua asilimia 5, nayo hupimwa kwa kipimo, haionjwi kwa ulimi. SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, hufundisha usindikaji wa vyakula, na ndipo mtengenezaji anapopaswa kubisha hodi kabla ya kubandika lebo kwenye chupa.

Wengine huyachemsha maganda na tangawizi na mdalasini wakanywa kama chai. Ni kinywaji kizuri sana. Wanaokiuza kama tiba ya kila ugonjwa wanakidhulumu, maana hakihitaji uongo ili kipendwe.

Moyo na ganda vina pia bromelaini, kimeng'enya kinachovunjavunja protini; Vicente Marcano wa Venezuela alikitenga mwaka 1891. Mpishi wa Pwani hulainisha mishikaki kwa papai bichi. Moyo wa nanasi uliosagwa mbichi hufanya kazi hiyo hiyo. Muda mfupi unatosha. Nyama ikilala humo usiku kucha, asubuhi ni uji.

Yako na majani ya shambani, yale marefu yanayobaki baada ya mavuno. Nchi iliyopandwa katani na Richard Hindorf mwaka 1893 haihitaji kuelezwa kwamba jani gumu lina nyuzi ndani. Nyuzi za nanasi ni nyembamba na laini kuliko katani, na ni kidogo, asilimia chache tu za uzito wa jani bichi. Kule Aklan, Ufilipino, mafundi huliparua jani kwa kipande cha sahani ya kauri iliyovunjika, kisha kwa kifuu cha nazi kuzipata zilizo laini zaidi. Huunga uzi kwa uzi kwa vidole na kufuma kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga. Mwaka 2023 UNESCO iliuandika ufumaji huo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Zana zao za kuparua hazizidi zile za jikoni kwetu. Kilichozidi ni miaka ya mazoezi, na hiyo haiagizwi kutoka nje.

Kwa Mpanda ningeanza na siki. Kila penye kikaango cha chipsi pana kachumbari, na siki yake inanunuliwa dukani, imesafirishwa kutoka mbali. Muuza juisi ana ndoo ya maganda kila jioni. Anayehitajika ni mtu wa tatu kati yao, mwenye ndoo safi, kitambaa na mwezi mmoja wa kusubiri, na warina asali wa mkoa huu wangemfundisha hiyo kazi ya kusubiri bila shida.