«Nani amesema?»: juu ya kazi zetu za kuandika



Mara nyingi katika kurasa hizi tumepima vitabu vya watu wengine, tukasema hiki ni chema, kile kina kasoro. Leo twataka kupima kazi yetu wenyewe, maana si haki kulima shamba la jirani kila siku na kuacha la kwetu liote magugu. Kazi tunayoipima haikuchapishwa mahali popote, wala haikustahili. Lakini tunaamini wengi wenu mnayo nyingine inayofanana nayo ndani ya sanduku.

Ilikuwa na kurasa 42. Tuliiandika katika mwaka wa pili wa filozofia, juu ya desturi za ardhi huku kwetu milimani, katika Lubero. Tulijivunia sana. Tulikuwa tumeipeleka Butembo, katika kimoja cha vile vyumba vidogo ambamo vijana hupiga kazi za wanafunzi kwa mashini, jenereta ikinguruma nje, na kila ukurasa una bei yake. Karatasi zilikuwa nyeupe, jalada liling'aa. Profesa aliturudishia baada ya majuma matatu. Hakutia alama yoyote. Pembeni mwa ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu maneno mawili tu: «Nani amesema?» Tukafungua wa pili: «Nani amesema?» Tulihesabu mpaka mwisho tukapata mara 31.

Tulikasirika. Twakiri hilo. Tulidhani anatudharau, sisi tuliokesha na vitabu mpaka mafuta ya taa yakaisha. Siku tatu hatukwenda kumwona. Siku ya nne tulikwenda, naye akatuonyesha sentensi moja nzuri ya Kifaransa kwenye ukurasa wa sita, akauliza, «Hii ni yako, mtoto wangu?» Tukanyamaza. Ilikuwa ya kitabu. Tulikuwa tumeitoa nzima nzima, pasipo alama za kuonyesha kwamba ni neno la mtu mwingine, na pasipo kuandika jina lake chini ya ukurasa.

Watu wepesi watasema: huo ni uvivu, tena ni wizi. Wizi ni kweli. Uvivu hapana, maana kuiga kurasa zile kwa mkono kulitugharimu usiku mwingi. Sababu ni nyingine, na inafaa isemwe. Sisi tumelelewa kwa Kinande penye moto wa mama. Sokoni na barabarani tunasema Kiswahili. Kifaransa tunakikuta darasani, na ndicho kinachotakiwa juu ya karatasi. Basi tukiona sentensi ya Kifaransa iliyonyoka, twaogopa kuigusa. Twaivaa kama koti la kuazima: hatutaki kulichafua, tena mikono yake haitutoshi. Mwanafunzi anayeogopa lugha haandiki anachofikiri, bali anaandika kile anachojua kwamba hakina kosa la sarufi.

Dawa aliyotupa profesa ilitushangaza. Alituambia tuchukue kila ukurasa na kumweleza mdogo wetu kwa Kinande, bila kutazama karatasi. Lile tusiloweza kulieleza, tulikate. Lile aliloelewa mtoto, tuliandike kwa Kiswahili chepesi, na mwisho tu kwa Kifaransa. Tulifanya hivyo wakati wa likizo, tukikaa kwenye ua na kumenya viazi. Mdogo wetu alivumilia vizuri kuliko tulivyostahili. Katika kurasa 42 zilibaki 11.

Kilichokatwa kwanza kilikuwa utangulizi. Wanafunzi wa nchi yetu wanaujua: swali la kazi, jibu la kukisia, sababu za kuchagua somo, faida yake, mipaka yake, njia na ufundi wa kutafuta, migawanyo ya kazi. Kila kipande kina kichwa chake, na vyote hufuatana sawasawa na vituo vya Njia ya Msalaba. Hatusemi kwamba mpango huo ni mbaya. Aliyeutunga alitaka mwanafunzi ajue anatafuta nini kabla ya kuondoka nyumbani. Ubaya ni kwamba twaujaza kama karatasi ya ofisi. Katika «njia» twaandika kwamba tumetumia njia ya historia, tukasaidiwa na ufundi wa kusoma maandiko. Wote wanaandika vile, hata yule aliyepima maji ya mto. Katika «jibu la kukisia» twaandika lile tulilokwisha kulijua, na mwishoni twatangaza kwa furaha kwamba limehakikishwa. Na juu ya yote huja sentensi ya kwanza, ile inayoanza tangu zamani za kale mwanadamu alipoumbwa. Sisi tulianza hivyo kabisa. Tulitoka Adamu mpaka Lubero katika mistari minne, safari ambayo hakuna gari liwezalo kuifanya, hata barabara ingekuwa njema.

Lakini hayo ni makosa ya kuchekesha. Kosa tutakalolisema sasa halichekeshi.

Ili kuandika kazi ile tulikwenda kumwona mzee mmoja, upande wa kusini wa wilaya yetu. Alitupokea kwa heshima, akatusimulia mchana kutwa juu ya mbuzi ambaye watu walimpelekea mkubwa wa kilima kwa ajili ya shamba. Alitueleza kwamba mbuzi yule hakuwa bei ya udongo wala kodi. Alikuwa ishara kwamba watu wa nyumba ile wangali wapo na wanamtambua mkubwa, naye mkubwa anawatambua. Akatuambia kwamba mwaka mmoja wa njaa, baba yake alipompeleka mbuzi, mkubwa alimrudisha pamoja na mbegu za maharagi. Kwa mambo hayo yote alikuwa na neno moja la Kinande, akalitamka mara nyingi. Hatukuliandika. Tulifikiri tutalikumbuka.

Tuliporudi tulifungua kitabu. Kitabu kilisema kwa Kifaransa kwamba Wanande walilipa kodi ya ardhi. Basi tuliandika: Wanande walilipa kodi ya ardhi. Mzee tulimweka katika orodha mwishoni, jina lake na umri wake, ili hesabu ya watu tuliowauliza ionekane kubwa. Neno lake hata moja halikuingia. Profesa alikuwa ameandika hapo kama mahali pengine: «Nani amesema?» Tungalijibu vema siku ile, tungalirudi kwa mzee mara moja. Hatukurudi. Mwaka uliofuata alifariki.

Tulitaka kujua kama ugonjwa huu ni wetu peke yetu, na hapo ndipo tulianza kusoma wakubwa kwa jicho jingine, tukitafuta jinsi walivyoandika zaidi ya yale waliyoyasema.

Padri Alexis Kagame wa Rwanda alitetea kazi yake ya kupata udaktari huko Roma, kwenye Gregoriana, mwaka wa 1955. Ikachapishwa Bruxelles mwaka wa 1956. Ni kitabu juu ya filozofia ya kuwako katika Rwanda, nacho kimeandikwa kama mazungumzo ya watu wawili, Kama na Gama, mmoja anauliza na mwingine anajibu. Kuna waliosema kwamba ni mchezo usiofaa kwa kazi ya elimu. Sisi twaona kinyume. Katika mazungumzo, msomaji anajua kila mara ni nani anayesema, na jibu lisilotosha linaulizwa tena. Tena Kagame alichukua kwa shahidi maneno ya Kinyarwanda yenyewe: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu. Shahidi huyo hawezi kufichwa ndani ya sanduku. Hata sisi wa Lubero twaweza kumhoji, maana twasema omundu, ekindu, ahandu. Yeyote aliyenyonya lugha ya namna hiyo aweza kumsahihisha padri daktari. Kasoro yake tunayoiona ni hii: Kama na Gama wote wawili ni vinywa vya Kagame mwenyewe. Wazee aliowasikiliza miaka mingi hawamo katika mazungumzo yale.

Kasoro hiyo iliguswa kwa nguvu na Paulin Hountondji wa Benin, mtu aliyefundisha pia Kinshasa na Lubumbashi. Katika kitabu chake cha mwaka 1977 aliwakemea wale wanaoandika «Wabantu wanafikiri», kana kwamba taifa zima lina kichwa kimoja na hakuna anayebishana ndani yake. Wengi wamemjibu kwa ukali, na mara nyingine yeye mwenyewe alizidisha. Ni vigumu kukubali kwamba pasipo maandishi hakuna filozofia. Lakini swali lake ni lile lile la kalamu nyekundu. Tuliposoma kurasa zake tuliona haya, tukikumbuka ni mara ngapi tuliandika «Wanande wanasema», na hakuna Mnande hata mmoja aliyekuwa amesema.

Mfano uliotufariji ulitoka kwa mwanafunzi. Tarehe 29 Januari 1960, miezi mitano kabla ya uhuru, katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Padri Tharcisse Tshibangu, aliyekuwa angali mwanafunzi wa teolojia, alibishana hadharani na mkubwa wa kitivo chake, Padri Alfred Vanneste. Mwanafunzi aliuliza kama yaweza kuwako teolojia yenye rangi ya Afrika. Mwalimu alijibu kwamba kwanza itafutwe teolojia ya kweli, iliyo ya watu wote. Maneno yao yalichapishwa mwaka ule ule katika Revue du Clergé Africain, huko Mayidi. Leo katika kila kazi ya teolojia nchini kwetu utakuta mistari miwili juu ya mabishano hayo, na karibu siku zote Vanneste ni mzungu mwenye kiburi na Tshibangu ni shujaa. Sisi twashauri yasomwe yenyewe. Utakuta mwalimu anayemchukua mwanafunzi kwa uzito, na mwanafunzi anayeandika «naona» pale anapoona, akitaja ya wengine pale yalipo ya wengine. Wala hakudhani kwamba kuuliza kunatosha: mwaka wa 1965 alitoa kitabu kizima juu ya njia za teolojia, ile ya kuchunguza chemchemi na ile ya kufikiri. Swali la ujana lilikuwa limempa kazi ya miaka.

Nasi tuliulizana: swali letu ni lipi? Katika kurasa 42 halikuwamo. Kulikuwa na somo, «ardhi», lakini swali halikuwamo. Tungalisema tangu mwanzo: «Kitabu kinasema kodi, mzee anasema si kodi, ni yupi wa kusadikiwa, na kwa nini wamehitilafiana?», hapo kazi ingalianza. Labda mwandishi wa kitabu aliwauliza watu wa wakati mwingine, au wa kilima kingine, au alimsikiliza mkalimani aliyetafuta neno la haraka. Hitilafu ile ndiyo iliyokuwa mali yetu, nasi tuliifukia ili ukurasa uwe laini.

Siku hizi kuna vijana wanaoagiza kurasa kwenye programu za kompyuta, nazo hutoa Kifaransa kilichonyoka kuliko kile tulichoiba sisi. Hatutawakemea sana, maana tumetoka huko huko. Tutawaambia tu kwamba mashini ile haikukaa mchana kutwa na mzee.

Mwezi wa Juni 2024 Kanyabayonga ilitekwa na watu wa M23, na watu wengi walipanda barabara kuja Lubero na Butembo. Katika hao alikuwamo mjane wa mzee wetu. Tulisikia kwamba amefikia kwa jamaa hapa Lubero, tukaenda kumsalimu. Wajukuu wake walituomba karatasi ile ambayo babu aliitoa kwa «wanafunzi wa mapadri», maana vyote walivyokuwa navyo vilibaki nyumbani, nao walitaka angalau neno la babu juu ya shamba lao. Tulikuwa nayo mkononi. Tuliwasomea, tukigeuza kwa Kiswahili: Wanande walilipa kodi ya ardhi.

Mama yule alitutazama kwa muda. Kisha akauliza, «Wanande gani?»

Tulimweleza kosa letu, tukamwomba msamaha. Hakutugombeza. Tukamwuliza kama analikumbuka neno ambalo mzee alilitumia kwa habari ya mbuzi. Alisema maneno mawili, akasema hana hakika ni lipi la mzee na ni lipi la kilima cha kwao alikozaliwa, na kwamba kwao mbuzi hakurudishwa hata mwaka wa njaa. Safari hii tuliandika yote mawili pale pale, na hakika yake na mashaka yake, siku na mahali, na jina lake kwa ruhusa yake. Wajukuu waliondoka na nakala kabla wino haujakauka vizuri.

Kazi mpya ina kurasa 14. Inaanza na mbuzi, haianzi na Adamu. Vitabu vya Padri Lieven Bergmans juu ya Wanande, vilivyochapishwa Butembo miaka ya 1970 na ambavyo zamani tulivitaja bila kuvifungua, sasa tumevifungua, na kila tunapovitumia ukurasa umetajwa. Tuliipeleka kwa profesa wetu, ambaye sasa amezeeka na kuvaa miwani mizito. Ameirudisha juzi. Kwenye ukurasa wa tisa, pale tuliposema kwamba desturi ile ilikwisha wakati wa Wabelgiji, kuna wino mwekundu, na swali tunalolijua. Kesho asubuhi tunapanda Masereka kutafuta wa kutujibu.