Pigo la Mbele, Mlio wa Nyuma: Kufuatilia Uharibifu wa Gari la Magurudumu Manne Baada ya Tuta

Gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne linapolipiga tuta kwa kasi, uharibifu unaotokea katika mfumo wake wa kupeleka nguvu una tabia moja inayowapoteza mafundi na wenye magari: sehemu inayopiga kelele mara nyingi siyo iliyopokea pigo. Katika uwanda wa kati wa Tanzania tabia hiyo hujitokeza mara kwa mara kutokana na sura ya barabara zenyewe. Barabara kuu zinazokutana Dodoma, yaani ile ya Morogoro kupitia Kibaigwa na Gairo, ile ya Singida kupitia Bahi na Manyoni, ile ya Iringa kupitia Mtera na ile ya Babati kupitia Kondoa, ambayo ina takriban kilomita 250 za lami na ilizinduliwa rasmi mwaka 2018, zina vipande virefu vilivyonyooka ambavyo humzoesha dereva mwendo mkubwa, kisha kijiji hutokea, na pamoja nacho kibao cha kilomita 50 kwa saa, rasta, ambazo ni mistari minene iliyoinuliwa ili kulitikisa gari, na hatimaye tuta lenyewe. Nje ya lami hali ni tofauti lakini pigo ni lile lile, kwa kuwa ardhi ya Kondoa na jirani zake, ambayo mmomonyoko wake ulisababisha kuanzishwa kwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, mwaka 1973, hukatwa na makorongo ambayo kila msimu wa mvua huacha kingo kali katikati ya njia.

Uchambuzi wa uharibifu huo hauwezekani bila kuifuata njia ya nguvu kutoka kwenye injini hadi kwenye tairi. Katika Toyota RAV4 ya kizazi cha pili, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2000 na ambayo mitaani hujulikana kama Kili Time, toleo la magurudumu manne lina transfa, yaani kasha lililoshikana na giaboksi ambalo huigeuza nguvu na kuielekeza nyuma. Lina pia difu ya kati, ambayo kazi yake ni kuruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi zinazotofautiana, kwa mfano gari linapokata kona. Difu hiyo husaidiwa na kaplingi ya mnato, ambayo ni kopo lililozibwa lenye sahani nyingi nyembamba zinazoogelea katika kimiminika kizito cha silikoni. Upande mmoja ukizunguka kwa kasi kuupita mwingine, kimiminika hicho huzivuta sahani zote ziende pamoja, na joto hupanda. Kutoka hapo nguvu hupita kwenye propela shafti, mhimili mrefu uliogawanywa vipande na kushikiliwa katikati na beringi iliyoning'inizwa ndani ya mpira, hadi kwenye difu ya nyuma, na mwisho kwenye draivu shafti, yaani mihimili mifupi inayoingia kila gurudumu. Kila ncha ya draivu shafti ina sivi jointi, kiungo cha gololi au cha vichwa vitatu ambacho huuacha mhimili ujipinde bila kubadilisha kasi ya mzunguko. Kile cha gololi sita kina asili yake katika kazi ya mhandisi Alfred Rzeppa ya miaka ya 1920. Mpangilio huu si wa magari yote. Subaru Forester huilaza injini kwa urefu wa gari na kutoa nguvu ya nyuma kupitia mkia wa giaboksi, ilhali Nissan X-Trail hutumia kaplingi ya umeme iliyokaa mbele ya difu ya nyuma, ambayo hufunga pale tu kompyuta inapoiamuru.

Pigo lenyewe ni suala la muda. Tuta lenye kimo cha sentimita 10 na mpando wa mita 1.8, likipandwa kwa kilomita 20 kwa saa, huliinua gurudumu katika muda wa karibu theluthi moja ya sekunde, na springi pamoja na shokapu huwa na nafasi ya kulimeza pigo. Likipandwa kwa kilomita 80 kwa saa, kazi hiyo hiyo hufanyika katika sehemu 8 za mia za sekunde. Shokapu hugonga mwisho wake, na nguvu iliyobaki hutafuta njia nyingine. Hupita kwenye mkono wa chini unaolishika gurudumu, ambao hujikunja kwa milimita chache zisizoonekana kwa macho. Husukuma draivu shafti kuelekea ndani hadi kiungo chake kigonge ukuta wa kikombe. Na huitikisa injini na giaboksi juu ya mauntingi, yaani vile vipande vya chuma na mpira vinavyozishikilia kwenye bodi. Kwa kuwa giaboksi, transfa, propela na difu vimeungana, mwendo wa sentimita moja wa mauntingi ya mbele hubadilisha pembe za viungo vyote hadi nyuma. Kuna pia jambo ambalo madereva wengi hawalihesabu: mguu ukiwa bado umekanyaga mafuta wakati tairi zimeiacha ardhi, magurudumu huongeza kasi angani, kisha hutua na kushikwa na lami kwa ghafla, na msokoto huo hurudi ndani na kulipiga jino dhaifu kuliko yote.

Kwa sababu hiyo ukaguzi sahihi huanza kwenye gurudumu lililopigwa na kuelekea ndani, wala hauanzi kwenye mlio. Hatua ya kwanza, kabla injini haijawashwa tena, ni mafuta. Tone lililoanguka chini hupokelewa kwenye karatasi nyeupe na kutazamwa: oili ya injini huwa ya kahawia au nyeusi, ya giaboksi otomatiki huwa na wekundu ambao hugeuka kuelekea kahawia kadiri inavyochakaa, na ile ya difu na transfa huwa nzito yenye harufu kali ya salfa ambayo aliyewahi kuinusa hawezi kuisahau. Utambuzi huo mdogo huamua kama gari litaendelea au litabebwa, kwani difu iliyopasuka au kuchomoka sili yake inaweza kukauka na kujiunguza kabla haijafika Manyoni, na taa yoyote kwenye dashibodi isiwake. Likibidi kubebwa, linafaa kupandishwa juu ya gari la kubebea likiwa zima. Kulivuta huku magurudumu mawili yakiwa hewani na mawili yakizunguka barabarani ni kuilazimisha kaplingi ya kati kufanya kazi ambayo haikuundiwa, na brekidauni, yaani gari la kuvutia, isiyojali hilo huongeza hasara ya pili juu ya ya kwanza.

Gari likiwa limeinuliwa magurudumu yote manne juu ya stendi imara, gia ikiwa huru, fundi huzungusha propela kwa mkono. Hapa ndipo penye siri kubwa. Mpira wa beringi ya kati hutazamwa kwa tochi huku mhimili ukisukumwa juu na chini kwa nondo fupi: mpira mzima hurudi mahali pake polepole, uliochanika hufungua mdomo kwenye ukingo wa chini na kuacha vumbi laini jeusi juu ya bati la karibu. Mpira huo ukichanika, mhimili hushuka, pembe mbili zilizopaswa kulingana huacha kulingana, na kiungo chenye umbo la msalaba, ambacho kwa asili yake huongeza na kupunguza kasi mara mbili katika kila mzunguko, hukosa mwenzake wa kuufuta mtikisiko huo. Ndiyo maana gari hutulia mjini na kuanza kutetemeka chini ya kiti likifika kilomita 80 au 90 kwa saa. Kuinua magurudumu mawili tu na kutia gia ni kosa la hatari, kwa sababu yale yaliyobaki chini yana uwezo wa kulirusha gari kutoka kwenye jeki na kumkandamiza mtu aliye uvunguni.

Baada ya macho na mikono ndipo masikio yana thamani. Mlio wa kugonga-gonga usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho huashiria sivi jointi ya nje. Mtetemo unaokuja gari likivuta na kutoweka likiachiwa huelekeza kwenye kiungo cha ndani. Mvumo unaobadilika gari likielemea upande mmoja ni wa beringi ya gurudumu. Na mlio mwembamba unaobadilika mafuta yanapokanyagwa na kuachiwa ni wa meno ya difu.

Suluhisho linalopendwa katika gereji nyingi ni kuing'oa propela ili gari liendeshwe na magurudumu ya mbele peke yake. Suluhisho hilo haliwezi kusifiwa wala kulaaniwa kwa jumla, maana matokeo yake hutegemea gari. Katika X-Trail, ambayo kaplingi yake huwa wazi muda mwingi, gari litatembea hadi spea ipatikane. Katika Kili Time yenye difu ya kati, upande wa nyuma ukikosa mzigo nguvu hukimbilia huko, na kaplingi ya mnato hubaki peke yake kuusukuma upande wa mbele hadi iungue. Katika Subaru ncha ya propela huingia moja kwa moja ndani ya mkia wa giaboksi, kwa hiyo kuichomoa bila kuweka kizibo ni kufungua tundu la kumwagia oili. Hata pale inapofaa kutolewa kwa matengenezo, alama ya rangi huwekwa kwenye kila kiungo kabla ya bolti kufunguliwa, ili vipande virudi katika mkao ule ule. Dakika moja ya brashi huokoa wiki za kutafuta mtetemo ambao fundi mwenyewe ameutengeneza.

Udhaifu unaotokana na wingi wa viungo si jambo geni katika Afrika Mashariki. Audi Quattro ilipoanza kubadilisha mbio za magari duniani mwaka 1981, ushindi wa Safari Rally uliendelea kwenda kwa magari yanayoendeshwa kwa magurudumu mawili hadi mwaka 1986, na ni mwaka 1987 tu ambapo dereva Hannu Mikkola aliipa Audi 200 Quattro ushindi wa kwanza wa gari la magurudumu manne katika mashindano hayo. Mvuto wa ziada ulikuwepo muda wote. Kuufikisha mwisho wa safari ndefu katika njia hizi kulihitaji miaka.

Ukarabati huharibika zaidi kwenye ununuzi wa spea. Difu ya mtumba yenye uwiano wa meno usiolingana na ule wa mbele huingia vizuri, hufungwa vizuri, na huanza kupigana na mwenzake mita ya kwanza. Tairi hufanya vivyo hivyo kwa siri zaidi. Tairi ya 215/70R16 ina kipenyo cha takriban milimita 707 na huzunguka kama mara 450 kwa kilomita. Iliyopasuka kwenye tuta ikibadilishwa kwa mpya yenye kina cha milimita 8 huku nyingine tatu zikibaki na milimita 3, vipenyo hutofautiana kwa milimita 10, sawa na asilimia 1.4. Difu ya ekseli hugawa tofauti hiyo kwa mbili, ikabaki mizunguko zaidi ya 3 kwa kilomita kati ya mbele na nyuma, na kutoka Dodoma hadi Babati hiyo ni karibu mizunguko 800 ambayo difu ya kati na kaplingi yake hulazimika kuimeza barabarani palipo na mstari mnyoofu. Anayeshindwa kununua tairi nne atafute iliyotumika yenye kina sawa na zilizobaki.

Baada ya spea kufungwa na alaimenti, yaani kurekebisha mielekeo ya magurudumu, gari hujaribiwa kwanza kwenye vumbi kwa kuzunguka duara dogo pande zote mbili, mahali ambapo tairi zinaweza kuteleza kidogo bila kuumiza kitu, kisha kwenye lami kwa kasi inayopanda taratibu. Baada ya wiki chache za matumizi, bolti ya kumwagia oili ya difu hufunguliwa na sumaku yake kufutwa kwa kitambaa cheupe: utope laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida wa meno yanayozoeana, bali chenga zenye kingo, zinazokwaruza zikisuguliwa kati ya vidole, zinamaanisha kuwa jino lilipasuka siku ya tuta, na difu hiyo haina budi kushushwa tena.