Swali Ambalo Kuli Haikuliuliza

Sisi wasomaji wa Adam Shafi tunaziainisha riwaya zake kwa urahisi mno. Kuli (1979) tunaiita riwaya ya Kimaksi: bandari, mgomo wa 1948, Rashidi anafumbuka macho. Haini (2003) tunaiita ushuhuda, kwa kuwa mwandishi mwenyewe aliwekwa kizuizini baada ya Karume kuuawa Aprili 7, 1972. Basi nadharia inabaki bandarini, gereza linaachiwa machozi. Mie naona kinyume. Haini ndiyo yenye hoja nzito zaidi juu ya madaraka, na hoja hiyo inaonekana wazi ukiisoma sambamba na ugomvi uliokuwa Paris miaka ileile ya sabini.

Mwaka 1975 Michel Foucault alitoa kitabu chake juu ya kuzaliwa kwa gereza. Huwa anawekwa kwenye kundi la waliokuja baada ya umuundo (mwenyewe hakulipenda jina hilo). Alisema madaraka si mali ya tabaka fulani, ati ukiivamia ikulu umeshayapata. Yamo shuleni, hospitalini, kambini, katika mwili uliozoeshwa kutii. Mfano wake ni gereza la Bentham: mlinzi yuko mnarani, mfungwa hajui lini anatazamwa, basi hujichunga mwenyewe.

Wamaksi wengi walikasirika. Nicos Poulantzas, Mgiriki aliyeishi Paris, alikubali nusu. Mwaka 1978 aliandika kwamba kweli, dola si rungu la kushikwa mkononi. Ni uhusiano wa nguvu za matabaka. Lakini Foucault, kwa maoni yake, ameyapunguza mno mabavu na sheria. Na kama madaraka yako kila mahali bila msingi wowote, anayekataa anasimama juu ya nini?

Mwaka huohuo Abdulrahman Babu alitoka jela Tanzania Bara. Huyu ndiye aliyeanzisha Umma Party mwaka 1963, akawa waziri, akafungwa tangu 1972. Mwaka 1974 mahakama ya Zanzibar ilimhukumu kifo akiwa hayupo kizimbani. Mmaksi wa aina yake hakuhitaji kwenda Paris kulikuta swali. Kama madaraka ni ya kuchukuliwa, na yalichukuliwa Januari 1964, nani sasa anayefunga mlango kwa nje?

Kuli haikuweza kuliuliza hilo. Mle madaraka yana anwani, na Rashidi akishamsikiliza Faraji anajua aelekee wapi. Katika Haini, wanaomtesa Hamza wanasema lugha ileile ya Mapinduzi. Wanachokitaka kwake khasa ni maneno: akiri, ataje. Hapo Foucault angetikisa kichwa kukubali, maana alisema kwamba madaraka hayaishii kuziba mdomo, huulazimisha pia useme. Na nje ya kuta, mji wa baraza, ambako watu hukaa jioni wakapiga soga, unajifunza kunong'ona.

Ila gereza hili si la Bentham. Wafungwa walipaita Kwa Bamkwe. Fikiria jina hilo: ukweni, mahali ambapo kila Mswahili huingia kwa adabu na macho chini. Hapana haja ya mnara. Pana giza, pana kipigo. Na katika kesi yenyewe ya 1973-74 washtakiwa hawakuruhusiwa mawakili. Sheria haikuwa pambo la pembeni, kuondolewa kwa wakili ni sehemu ya kipigo. Kwa Unguja ya miaka ile, Poulantzas aliona mbali kuliko Foucault.

Hata hivyo siisifu Haini yote. Inatuonyesha mkono unaopiga kuliko mfuko unaojaa. Issa Shivji, mwaka 1976, alikuwa ameshalitaja tabaka lililokuwa likijijenga ndani ya ofisi za serikali kwa jina la ujamaa, akaliita ubepari wa urasimu. Riwaya iliyotoka miaka 27 baadaye ingeweza kumkalisha Hamza mbele ya swali hilo: huyu anayenipiga anapata nini, na anayemtuma je? Kwa usomaji wangu, inalikaribia kisha inarudi kwenye ukatili wa mtu mmojammoja.

Ndiyo maana nashauri zisomwe pamoja, Kuli kwanza. Rashidi, kijana wa 1948, mwaka 1972 angekuwa na miaka arubaini na kitu, mtu mzima aliyeheshimika kwa ule mgomo. Angekuwa ndani na Hamza, au ndiye mwenye funguo?