Sauti Zilizovuka Sekenke

Mkwaju hakuwahi kuonekana na mtu, na bado katika miaka ya tisini ni madereva wachache wa malori waliojulikana kama yeye. Alikuwa mhusika wa Twende na Wakati, mchezo ambao Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) ilianza kuurusha Julai 1993, mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara. Nyumbani ana mke, Tunu. Njiani ana wapenzi kila anapolala. Mwisho wake ni UKIMWI, enzi ambazo dawa za kupunguza makali hazijamfikia mwananchi wa kawaida.

Kwa sisi wa mkoa wa Singida huyo hakuwa mtu wa hadithi za mbali. Malori ya kwenda Rwanda na Burundi yalipita hapa: Manyoni, Singida mjini, Misigiri, kisha mteremko mkali wa Sekenke kuelekea Shelui. Mama ntilie waliwapikia akina Mkwaju wa kweli, vijana wakawauzia kuku na vitunguu dirishani. Mchezo ulipoanza jioni, aliyesikika redioni na aliyeegesha gari nje walikuwa kabila moja.

Watafiti, akiwamo Mmarekani Everett Rogers, walifanya jambo ambalo hadi leo linanistaajabisha. Waliliacha nje eneo la mtambo wa Dodoma, jirani zetu kabisa, hadi mwaka 1995, ili wawalinganishe waliosikia mchezo na ambao hawakuusikia. Tofauti ikaonekana, katika uzazi wa mpango na katika namna watu walivyosema wamepunguza wapenzi. Sifa zikaenda kwa waandishi, kwa wafadhili wa Umoja wa Mataifa, na kwa Miguel Sabido wa Mexico aliyebuni njia hiyo ya kuelimisha kwa tamthilia. Walistahili. Lakini mbinu haimfanyi mtu anyamazishe watoto jikoni ili ajue Tunu atajibu nini. Hiyo ni kazi ya waigizaji, na ndiyo ninayotaka kuikalia hapa bila haraka, kwa sababu inasifiwa kidogo kuliko inavyostahili.

Mkwaju alipaswa kupendwa. Mwigizaji angemfanya mwovu tangu siku ya kwanza, msikilizaji angemfungia mlango na fundisho lote likabaki nje. Ilibidi awe mtu ambaye ungemkaribisha chai huku unajua alichofanya jana. Jukwaani mwigizaji husaidiwa na shati, na mwendo, na kofia iliyolazwa upande. Studio hana hata kimoja. Ana karatasi ambayo haitakiwi kutoa sauti inapogeuzwa, ana kipaza sauti, ana wenzake waliosimama kando yake wakisubiri zamu. Akisogea karibu na kipaza sauti, amekuingia sikioni na anakuambia siri. Akirudi nyuma hatua moja, ametoka chumbani. Akiugeuzia ukuta uso, anaita kutoka uani. Nyumba nzima, yenye vyumba na ua na barabara mbele yake, inajengwa kwa miguu ya mtu aliyesimama mahali pamoja.

Msikilize mwigizaji wa redio akicheza mlevi. Asiyejua kazi huvuruga kila neno, na baada ya sentensi tatu humwelewi wala humhurumii. Anayejua humcheza mtu anayejitahidi sana kusema sawasawa, akafanikiwa, akafanikiwa tena, kisha akateleza kwenye neno moja dogo. Msikilizaji anacheka na kuona aibu kwa wakati mmoja. Na mwongo? Mwongo mzuri wa redio hatetemeki sauti. Anajibu mapema kidogo kuliko mtu mkweli, swali halijaisha vizuri. Mke aliyekwisha kujua ukweli naye huchelewesha jibu kwa pumzi moja, na katika pumzi hiyo wanawake wa nyumba nyingi walikuwa wameshamalizia sentensi yake.

Pumzi hiyo ndiyo ninayoiheshimu kuliko yote, na mahali pa kuipimia ni huku kwetu. Singida ni mkoa wa lugha nyingi zisizofanana. Kinyaturu na Kinyiramba, Kinyisanzu kule Mkalama, Kigogo na Kikimbu upande wa Manyoni na Itigi. Hizo zote ni ndugu wa Kiswahili. Lakini Wataturu wana lugha ya Kinilo, na Wahadzabe wa bonde la Eyasi, wakiwamo wa Munguli, wanazungumza lugha ya vidoko isiyo na ndugu wa karibu popote duniani. Wazee wengi hapa walikipata Kiswahili ukubwani: sokoni, jeshini, kwenye mikutano ya kijiji. Waliongea vizuri, ila sikio lao lilihitaji nafasi. Ongeza sasa redio yenyewe. Mawe yamechoka, yameanikwa juani mchana kutwa ili yapate nguvu ya jioni moja zaidi. Mawimbi yanakuja na kuondoka, upepo wa Singida haunyamazi.

Mwigizaji aliyekuwa studio za RTD, Barabara ya Pugu, Dar es Salaam, hakuyaona hayo. Alipaswa kuyajua. Ndiyo maana ukisikiliza michezo ya zamani ya RTD utaona jinsi mwisho wa sentensi unavyolindwa. Vijana wengi wanaoigiza leo huanza sentensi kwa kishindo na kuiacha ifie kooni. Wale wa zamani waliipeleka hadi silabi ya mwisho ikafika salama, hata katika ugomvi, hata katika kilio. Kulia kwa namna ambayo kila neno linasikika ni ustadi wa hali ya juu, na hakuna anayeupongeza kwa kuwa unapofanyika vizuri hauonekani.

Debora Mwenda aliufahamu. Kipindi chake, Mama na Mwana, kilikuwa cha watoto, na watu wazima walisogeza vigoda karibu wakijifanya wanafanya shughuli nyingine. Alikuwa peke yake na hadithi. Huku bara watoto walikuwa na bibi zao wa kuwasimulia usiku, kwa hiyo hakuwa anajaza pengo. Alikuwa anashindana na mabingwa. Alishinda kwa upole. Hakuwa na haraka ya kufika kwenye kituko.

Wachekeshaji wa redio Pwagu na Pwaguzi walikwenda njia nyingine, wawili wanaokimbizana kwa maneno. Katika uchekeshaji wa wawili shida kubwa ni kwamba sauti zikifanana kidogo tu, msikilizaji anapotea, na anayepotea hacheki. Kwa hiyo kila mmoja lazima awe na mwendo wake, na wakiingiliana waingiliane kwa kipimo. Wenyewe walifanya ionekane kama maongezi ya kijiweni. Kijiweni hakuna anayepanga hivyo.

Televisheni ilichelewa kufika bara. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini, sisi tukasubiri hadi 1994. Kundi la Kaole lilipoanza kuonekana ITV, nchi ikapata sura za kuzizungumzia, na humo wakatoka akina Steven Kanumba na Vincent Kigosi walioipeleka filamu ya Kiswahili kwingine kabisa. Habari yao imeandikwa sana, nitaipita. Nitasema tu kwamba wale waliokuja kwenye skrini wakiwa wamepitia redio, kama Bakari Mbelemba ambaye wengi tunamwita Mzee Jangala, walitambulika hata ukiwa umeipa televisheni mgongo. Amri Athumani, King Majuto wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018, watu walimpenda kwa uso na mwili wake, na ni haki. Jaribu hata hivyo kumsikiliza umefumba macho. Ile namna ya kupandisha sauti ghafla kama mtu aliyeonewa, kisha kuishusha kana kwamba anakubali hatia, ingetosha redioni bila nyongeza.

Lakini sauti iliyoingia ndani kabisa ya mikoa haikutoka ITV. Ilitoka kwenye vibanda vya video, vile tunavyoviita vibanda umiza: mabenchi, turubai dirishani, jenereta nyuma ya nyumba, na filamu ya Kihindi, ya Hong Kong au ya Marekani ambayo karibu wote waliomo ndani hawaelewi lugha yake. Hapo ndipo alipoingia mtafsiri, na aliyeheshimiwa kuliko wote ni Kapteni Derek Gaspar Mukandala, mwanajeshi mstaafu, anayejulikana kwa jina la Lufufu.

Kumwita mtafsiri ni kumpunja. Anashika kipaza sauti na filamu inaanza. Sauti ya asili inashushwa inapozungumzwa, inapandishwa kwenye muziki na milio ya risasi. Yeye ni shujaa, ni adui, ni mama wa shujaa, ni askari wa mlangoni mwenye sentensi moja, na kati ya hao wote yeye pia ni msimulizi anayetueleza tulipo na kwa nini huyu amemkasirikia yule. Hana wenzake wa kupokezana. Hana muda wa kubadili koo. Kinachowatenganisha wahusika wake ni daraja la Kiswahili: mkuu wa polisi anaongea cha ofisini, jambazi anaongea cha mtaani, mzee wa Kihindi anaongea kwa nasaha na mafumbo, na mtu aliyekaa benchi la nyuma, asiyeiona vizuri televisheni ya inchi 14, anajua nani kasema. Midomo ya kwenye skrini inafunguka na kufungwa kwa Kikantoni. Mtafsiri lazima asome uso kabla mdomo haujafunguka, aanze mapema, amalize kabla picha haijahama. Akichelewa kwa nukta chache anakuwa anatusimulia jambo tulilokwisha kuliona.

Mtafiti wa Kijerumani Matthias Krings, aliyeifuatilia kazi hiyo kwa miaka, aliipa makala yake jina la kugeuza wali kuwa pilau. Hilo linatosha kuieleza. Lufufu aliisimulia hata Titanic, na meli ile iliyozama mbali na pwani zetu ikapata watu wenye tabia tunazozijua. Alipofika penye mila ngeni hakuikwepa, alisimama akaieleza, halafu akaikimbilia picha na kuikuta. Huko kukimbilia na kukuta, bila pumzi kusikika, ndiko kunakoniacha na mshangao kila mara.

Kazi hii ina ndugu. Kampala wana mafundi wao, kama VJ Jingo, wanaofanya hivyo kwa Kiganda. Kenya wana DJ Afro, ambaye Kiswahili chake kina mbio na matani ya mtaani. Na zamani Wajapani walikuwa na benshi, wasimulizi waliosimama kando ya skrini enzi za filamu bubu wakizisemea. Kaka yake mwongozaji Akira Kurosawa, Heigo, alikuwa mmoja wao, na filamu zenye sauti zilipoingia riziki yao ikakatika. Kwetu filamu zilikuja zikiwa na sauti tayari, na bado fundi akaonekana anahitajika. Sababu naiona hapa Singida: mtu alitaka mwenzake aketi naye, amwambie kinachoendelea, acheke naye.

Sasa imekuja kazi nyingine ya sauti, ya kuwasemea kwa Kiswahili wahusika wa tamthilia za kigeni, yenye nidhamu ya aina yake. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina kuhusu Doudou na mama wakwe zake, ikizungumza Kiswahili. Mwaka 2016 StarTimes walifanya mashindano ya sauti Dar es Salaam, na washindi wakapelekwa Beijing kufanya kazi hiyo. Leo tamthilia za Kituruki zinaingia sebuleni kwa Kiswahili, na katuni za Ubongo, zilizoanza kuonyeshwa 2014, zinafundisha watoto wetu hesabu kwa sauti za Kitanzania. Hapa msanii mmoja ana mhusika mmoja, na sentensi yake lazima itoshee ndani ya mdomo wa mtu mwingine. Kiswahili ni lugha ya maneno marefu. Mturuki akisema neno moja na kufunga kinywa, huna pa kuweka silabi sita. Wenye kipaji hupata neno fupi lenye uzito uleule, na wakikosa hulisema refu kwa kasi ambayo haivunji huzuni iliyo usoni. Wapo ambao bado wanasoma tu. Nawasikia, na sidhani kosa ni lao peke yao. Huwezi kumpa mtu sehemu nne za tamthilia kwa siku ukategemea apate nafasi ya ile pumzi ya Tunu.

Wangeweza kuisikia, lakini. Kanda za RTD bado zipo TBC, na watu wa muziki wamezipigania kwa miaka ili nyimbo za bendi zihamishiwe kwenye kompyuta kabla hazijaoza. Michezo nayo ihamishwe, ipigwe hewani kwa saa inayoeleweka, majina ya waigizaji yasomwe mwanzoni na mwishoni. Na pale chuoni au studio ambapo kijana anafundishwa kusemea tamthilia ya kigeni, awekewe nusu saa ya Twende na Wakati, taa zikiwa zimezimwa, kabla hajapewa karatasi.