Pongezi kwa Watunza Makaburi ya Voi na Taveta

Ukiteremka kutoka Wundanyi hadi Mwatate, njia moja yaelekea Voi, nyingine Taveta, na kote kuwili yapo makaburi ya askari wa vita vya 1914 hadi 1918. Tume inayoyatunza ilianzishwa 1917 kwa jina la Himaya ya Uingereza. Mwaka 1960 ikachukua jina la Jumuiya ya Madola. Halikubadilika jina tu; himaya nayo iligeuka jumuiya ya hiari. Mwaka 1949 India ilikubaliwa kubaki mwanachama wa Jumuiya hata ikiwa jamhuri, na Kenya ikapita njia hiyo 1964. Zimbabwe ilijitoa 2003. Rwanda, ambayo haikuwahi kuwa koloni la Uingereza, iliomba yenyewe ikapokelewa 2009. Enzi za himaya, kwa kawaida makoloni hayakuulizwa kama yataka kuingia au kutoka.

Wapo wanaosema Jumuiya hii na Tume yake ni ukoloni uliovishwa kanzu mpya, na hoja yao ni nzito: katika vita hivyo wapagazi Waafrika walikufa kwa maelfu, wengi wasipate hata jiwe lenye jina. Lakini mwaka 2021 Tume yenyewe ilikiri ubaguzi huo na kuomba radhi hadharani. Kwa ujasiri huo naipongeza kwa dhati. Sasa majina ya wapagazi yatafutwe, yaandikwe, na yasomwe hapa Taita Taveta walikopita na mizigo.