Ritifaa ya Ng'ombe

Ukurasa ulikuwa wa kusajili mifugo. Mfugaji anaandika aina ya mnyama na idadi yake, anabonyeza kitufe, na akirudi kesho kurekebisha anakuta alichokijaza kinamsubiri kwenye visanduku vilevile. Mbuzi walirudi wazima. Kondoo wazima. Ng'ombe wakarudi vipande: kisanduku kilisomeka “Ng”, basi.

Ukurasa niliutengeneza mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumsingizia. Mstari ulikuwa huu:

<input name='mnyama' value='<?= $mnyama ?>'>

Hicho kinachoanza na alama ya dola ndicho kigeu, jina linaloshika neno alilolileta mfugaji. Seva inapouandaa ukurasa huliondoa jina hilo na kuweka neno mahali pake. Kivinjari husoma matokeo tu. Habari za kigeu hakina. Kinachojua ni kwamba thamani iliyofunguliwa kwa ritifaa huishia kwenye ritifaa inayofuata. Kwa mbuzi, inayofuata ni ile niliyoiweka mimi. Kwa ng'ombe, inayofuata imo tumboni mwa neno lenyewe. Kivinjari kikafunga thamani papo hapo, na mabaki, yaani “ombe” na ritifaa mkiani, kikayachukulia kuwa jina la sifa nyingine ya kisanduku, sifa isiyokuwepo duniani. Wala hakikulalamika. Vivinjari vina adabu kupita kiasi. Humeza makosa yetu kama mgeni aliyepewa chai yenye chumvi.

Kilichonichelewesha ni kwamba ng'ombe wa baadhi ya wafugaji walirudi salama. Kuna simu ambazo ukiandika ritifaa huipinda zenyewe ikawa na kijimkia, na ritifaa ya kijimkia kwa kivinjari ni herufi kama herufi nyingine. Waliokatwa ni ng'ombe walioandikwa kwa kompyuta.

Tangu siku hiyo nawatazama kwa jicho jingine watu wanaoifanya vizuri kazi hii ya kupachika maneno ya wengine kwenye kurasa. Kwa mbali inafanana na kazi ya karani: kuna fomu, kuna mapengo, jaza. Watu wa kanga wanaielewa zaidi. Pindo lilelile, mji uleule, jina linabadilika. Na jina, liwe la mapenzi au la kijembe, linakaa katika nafasi yake bila kumwagikia kwenye pindo. PHP, lugha ya ukurasa wangu ule, aliyoianza Rasmus Lerdorf kwa ajili ya kurasa zake binafsi na kuitoa hadharani 1995, ilienea kwa kuruhusu jambo hilohilo. Kabla ya hapo, aliyetaka ukurasa unaobadilika, mara nyingi aliandika programu iliyotema ukurasa mzima mstari kwa mstari, hata pale pasipobadilika kitu. Sasa unauandika ukurasa kama ukurasa, na unaacha pengo pale tu panapotakiwa jina.

Pengo hilo ndipo ufundi unapokaa. Dawa ya ng'ombe wangu inaitwa htmlspecialchars. Huchukua alama ambazo kivinjari kingezielewa vibaya na kuzivalisha: alama ya “ndogo kuliko” inatoka ikiwa &lt; na ritifaa inatoka ikiwa &#039; ambayo kivinjari huionyesha kama ritifaa lakini hakiwezi kuidhania kuwa mlango wa kufungia. Mimi dawa nilikuwa nayo. Mstari halisi ulikuwa umeshaitumia; hapo juu niliiondoa ili mstari usomeke kwa urahisi. Nilichokuwa sikijui ni kwamba kabla ya PHP 8.1, iliyotoka Novemba 2021, dawa hiyo isipoelekezwa iliiacha ritifaa kama ilivyo na kushughulikia alama za mtajo zenye mikia miwili tu. Ilibidi uongeze ENT_QUOTES kwa mkono wako. Waairishi na akina O'Brien wao bila shaka waliumia pia, ila lugha yenye ng'ombe, ng'ambo, ng'oa na king'ora haina pa kujificha. Ongeza akina Ng'ang'a, ambao majina yao hukatwa baada ya herufi mbili.

Fundi mzuri hamwagi dawa ovyo. Hujiuliza kwanza neno linakwenda kukaa wapi. Chukua duka liitwalo Juma & Wanawe. Likiwekwa katikati ya aya, ile alama ya “na” huvalishwa ikawa &amp; na mambo yanakuwa sawa. Likiwekwa ndani ya anwani ya kiungo, vazi hilo halitoshi: katika anwani alama hiyo hutenganisha taarifa moja na nyingine, kwa hiyo bila kuigeuza kuwa %26 duka litafika likiwa Juma peke yake, wana wamebaki njiani. Neno ni moja, kila mlango una vazi lake. Na ukiona kwenye skrini duka limeandikwa “Juma &amp; Wanawe”, jua kuna mtu alilivalisha lilipoingia ghalani, na mwingine akalivalisha tena lilipotoka. Waliobobea huhifadhi neno uchi, kama mwenyewe alivyoliandika, na kulivalisha mara moja tu, linapotoka.

Upande wa kivinjari, ambako inatawala JavaScript, aliyoibuni Brendan Eich 1995, mtego hubadilika sura. Huko unaweza kuweka thamani kwa textContent, na kivinjari kikaipokea kama maneno matupu, au kwa innerHTML, kikaisoma kama maagizo ya ukurasa. Tofauti ya herufi chache. Kinachotokea maneno yakisomwa kama maagizo kilionekana Oktoba 2005 huko Marekani: Samy Kamkar, kijana wa miaka 19, alipata njia ya kupenya vichujio vya mtandao wa kijamii wa MySpace akaweka msimbo kwenye ukurasa wake. Kila aliyeutembelea alimwomba urafiki bila kujua na kuondoka na nakala ya msimbo huo kwenye ukurasa wake mwenyewe. Katika muda usiofika siku nzima, watu zaidi ya milioni moja walikuwa wameambukizwa. Pengo lililoachwa kwa ajili ya maneno lilikuwa limepokea amri.

Kuna mtego mdogo zaidi, na huu unachekesha usipokuwa wewe unayelipa. Kinachosomwa kutoka kwenye kisanduku huwa ni maandishi, hata kama mtu ameandika tarakimu. Bei 15000, usafiri 3000; ukiandika bei + usafiri bila kuzigeuza kwanza kuwa namba, JavaScript itaziunga kama nyuzi, na mteja wa viatu ataambiwa alipe 150003000. Milioni mia moja na hamsini na elfu tatu, kwa jozi moja.

Lakini kazi iliyonivutia kuliko zote niliiona katika ukurasa wa duka la Kiswahili, na haikuhusu usalama. Kiingereza, kitu kikizidi kimoja, mara nyingi huongeza s na mambo yamekwisha. Kwetu namba ikibadilika sentensi nzima inageuka: chungwa limeongezwa, machungwa yameongezwa, mkate umeongezwa, mikate imeongezwa. Ng'ombe, kwa ukaidi wake, habadiliki jina, ila 1 ameongezwa na 2 wameongezwa. Wengi wetu tunakimbia kwa kuandika “Imeongezwa: 2”, lugha ya risiti. Yule fundi hakukimbia. Kila bidhaa aliihifadhi na maneno manne: umoja wake, wingi wake, na viambishi viwili vya ngeli. Chungwa, machungwa, li, ya. Kisha ukurasani akaandika:

<?= $jina ?> <?= $kiambishi ?>meongezwa kikapuni.

Tazama pengo lilipo. Limekaa ndani ya neno, kwenye kiungio hasa ambapo Kiswahili chenyewe hufungua na kufunga. Huyo ameisoma sarufi kwa vidole. Nilijaribu kikapu kile kwa vitu vya kila ngeli niliyoikumbuka, viatu, nguo, mikeka, majembe, na hakikukosea hata kimoja.

Nawe kama una ukurasa unaokaribia kuukabidhi, usiusalimishe bado. Andika ng'ombe kwenye kila kisanduku, kwa ritifaa iliyonyooka, uhifadhi, ufunge, ufungue tena. Akirudi mzima, kabidhi.